Waliohamahama walibaki, walowezi wakaondoka: idadi ya watu wa Kirgizia

Swali hili limetoka kwa mwalimu wa jiografia wa kidato cha sita, mkoani Singida. Ameandika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nilikuwa nafundisha mada ya idadi ya watu, nikawaandikia wanafunzi ubaoni takwimu za Kirgizia, nchi ya Asia ya Kati. Mwaka 1959 Wakirgizi walikuwa asilimia 40 tu katika nchi yenye jina lao. Sensa ya 2022 inasema ni karibu asilimia 78. Warusi wameporomoka kutoka asilimia 30 hadi 4. Kijana mmoja akanyoosha mkono: 'Hao Warusi walifukuzwa?' Mwingine akauliza, kama watu wengi wa huko ni wa vijijini, je, bado wanahamahama na mifugo? Wa tatu akataka kujua kama Wakirgizi ni kabila moja au ni makabila arobaini, maana alisoma kwamba jina lenyewe lina maana ya arobaini. Nimewaahidi majibu Jumatatu."

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Wanafunzi wako wameuliza vizuri, na hasa huyo wa kwanza. Nitaanza naye, kwa sababu swali lake limezaliwa na asilimia, na asilimia hubadilika hata pale ambapo hakuna mtu aliyefunga mzigo.

Weka idadi kamili kando ya asilimia zako. Mwaka 1959 nchi nzima ilikuwa na watu milioni 2 na elfu 66 hivi. Kati yao Wakirgizi walikuwa 837,000 na Warusi 624,000. Miaka thelathini baadaye, katika sensa ya 1989, watu walikuwa milioni 4.26: Wakirgizi milioni 2.23, Warusi 917,000. Sasa linganisha. Katika miaka hiyo sehemu ya Warusi ilishuka kutoka asilimia 30 hadi 21 na ushei, ilhali Warusi wenyewe waliongezeka kwa karibu laki tatu! Kilichotokea ni kwamba Wakirgizi waliongezeka upesi zaidi. Familia ya Kikirgizi ya kijijini ilikuwa na watoto sita au saba na hakuna aliyeshangaa, huku familia ya Kirusi ya mjini ikiishia wawili. Zahanati na chanjo zilikuwa zimefika vijijini, watoto wakaacha kufa kama zamani, na hesabu ikajipindua yenyewe bila mtu kumgusa mwenzake.

Baada ya 1989 mambo ni mengine. Warusi 917,000 wakawa 603,000 mwaka 1999, wakawa 420,000 mwaka 2009, na sensa ya 2022 ilikuta chini ya laki tatu. Hapo watu waliondoka kweli. Kwa hiyo mwambie kijana wako kwamba ndani ya jedwali moja kuna mambo mawili, uzazi na kuondoka, na kila moja lina kipindi chake.

Lakini kuna jambo zito zaidi, na nakuomba usilipite. Jedwali lako linaanzia 1959, na 1959 ndiyo sakafu. Ukiuona mstari unaanzia asilimia 40 na kupanda, utadhani nchi ilikuwa ya mchanganyiko tangu asili, halafu Wakirgizi wakaitwaa. Rudi nyuma hadi sensa ya 1926, ile ya kwanza iliyohesabu Umoja wa Kisovieti wote. Kirgizia, iliyokuwa ndani ya umoja huo, ilikuwa na watu karibu milioni moja, na Wakirgizi walikuwa thuluthi mbili yao. Kutoka thuluthi mbili wakashuka hadi nusu na kidogo mwaka 1939, kisha asilimia 40 na nusu mwaka 1959, ndipo wakaanza kupanda polepole: 44 mwaka 1970, 48 mwaka 1979, 52 mwaka 1989, 65 mwaka 1999, 71 mwaka 2009. Kwa hiyo swali la kwanza la darasa lingepaswa kuwa hili: walishukaje?

Nchi yenyewe inasaidia kueleza. Kirgizia ni kilomita za mraba karibu 200,000 za milima ya Tian Shan, na zaidi ya asilimia 90 ya ardhi iko juu ya mita 1,500. Ardhi ya kulima ni kama asilimia 7 tu. Malisho ni karibu nusu ya nchi. Katika nchi ya namna hiyo mfugaji hahami kwa kutangatanga. Anapanda na kushuka. Majira ya baridi yuko bondeni, kwenye kambi inayoitwa kyshtoo. Theluji ikiyeyuka anasogea. Kiangazi kikifika yuko juu kabisa kwenye jailoo, malisho ya majani mabichi kama yale ya kandokando ya ziwa Song-Köl, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Nyumba yake, boz üy, ni fremu ya miti iliyofunikwa kwa sufu iliyogandamizwa, na familia inaweza kuifungua na kuipakia juu ya wanyama kwa saa chache. Kila ukoo ulijua njia yake na bonde lake la baridi.

Dola ya Urusi ilipoimeza nchi hii katika nusu ya pili ya karne ya 19, iliyatazama yale mabonde ya baridi na kuyaona kuwa mashamba matupu. Mwenyewe alikuwa mlimani! Wakulima wa Kirusi na wa Kiukraine waliletwa kwa maelfu katika bonde la Chuy na kuzunguka ziwa Issyk-Kul, wakagawiwa udongo ulio bora na maji. Mfugaji aliposhuka Oktoba alikuta uzio. Nataka wanafunzi wakielewe hiki kabla ya kitu kingine chochote: kumnyang'anya mfugaji malisho ya msimu mmoja ni kumvunjia mwaka mzima, kwa sababu jailoo bila kyshtoo ni mifugo iliyokufa kwenye theluji.

Hasira hiyo ililipuka mwaka 1916. Katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Mfalme wa Urusi aliamuru wanaume wa Asia ya Kati wakafanye kazi za suluba nyuma ya mstari wa vita. Watu wakaasi, na askari pamoja na walowezi wakajibu kwa mauaji. Wakirgizi wa kaskazini walikimbilia China kupitia njia za milimani zilizofunikwa na barafu, na watoto na wazee na mifugo wakafia njiani. Wenyewe wanaliita tukio hilo Ürkün, yaani mtawanyiko wa watu waliokurupushwa. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wapo wanaotaja idadi kubwa zaidi. Hilo ndilo shimo la kwanza katika piramidi ya umri ya Wakirgizi, na lilikuwepo tayari sensa ya 1926 ilipofika.

Miaka ya 1930 ikaja amri ya kutuliza wahamahamaji na kuwaingiza katika mashamba ya pamoja. Mifugo ilikusanywa, wengi wakachinja wanyama wao kuliko kuwatoa. Wakati huohuo watu wa nje wakazidi kumiminika, baadhi kwa hiari na baadhi kwa bunduki. Wahandisi, walimu na mafundi walikuja kufungua migodi ya makaa ya mawe na baadaye ya urani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vizima vilihamishiwa huku kutoka magharibi pamoja na wafanyakazi wake. Na Stalin aliwapakia watu katika mabehewa ya mizigo na kuwamwaga Asia ya Kati: Wajerumani wa Volga mwaka 1941, kisha Wachechen, Wakarachai, Wabalkari na Waturuki wa Meskheti miaka ya 1943 na 1944. Sehemu yao waliangukia Kirgizia. Kwa hiyo asilimia 40 ya mwaka 1959 ni jumla ya vifo vya 1916, ukandamizaji wa miaka ya 1930, na mabehewa.

Mji mkuu ulionyesha jambo hili kuliko mahali pengine popote. Bishkek, ambao wakati huo uliitwa Frunze, ulikuwa mji wa Warusi. Hata mwaka 1989, pale ambapo Wakirgizi walikwisha kuwa zaidi ya nusu ya nchi, ndani ya mji mkuu wao walikuwa chini ya robo. Kijana wa Kikirgizi kutoka Naryn akifika kusoma chuoni alilazimika kuongea Kirusi dukani, ofisini na kwenye basi. Lugha yake ilikuwa ya kijijini. Ukifahamu hivyo utaelewa kwa nini sheria ya Septemba 1989 iliyokifanya Kikirgizi lugha ya taifa ilishangiliwa na upande mmoja na kuogopwa na mwingine.

Sasa narudi kwa waliofungasha. Walifukuzwa? Hapana, si kwa amri ya serikali. Uhuru ulitangazwa tarehe 31 Agosti 1991, na ndani ya miaka michache viwanda vilivyokuwa vimewaleta Warusi vikafungwa, kwa sababu vilitengeneza vipuri kwa ajili ya nchi ambayo haikuwepo tena. Mhandisi asiye na kiwanda, asiyejua lugha ya taifa, mwenye ndugu Urusi: sababu za kuondoka zilijikusanya zenyewe. Wengine waliogopa kilichotokea Osh, mji wa kusini, mwaka 1990, ambacho nitakieleza. Serikali ilijaribu kuwazuia. Rais wa kwanza, Askar Akayev, alihubiri kwamba Kirgizia ni nyumba ya wote, na mwaka 2000 Kirusi kilipewa hadhi ya lugha rasmi kando ya Kikirgizi, hadhi ambayo kinayo mpaka leo. Hata hivyo watu waliendelea kwenda, na waliobaki wengi ni wazee, kwa hiyo sasa idadi yao inapungua pia kwa vifo kuzidi vizazi.

Wajerumani ndio waliokwisha upesi kuliko wote. Walikuwa 101,000 mwaka 1989; sensa iliyofuata, ya 1999, ilikuta 21,000. Ujerumani iliwafungulia mlango wenye asili ya Kijerumani, wakapita. Kuna kijiji katika bonde la Chuy kiitwacho Rot-Front, kilichoanzishwa na Wamenoni, Wakristo wa Kiprotestanti wenye asili ya Kijerumani, mwaka 1927 kwa jina la Bergtal, ambacho kilikuwa karibu chote cha Wajerumani. Leo zimebaki familia za kuhesabika, na nyumba za wengine zinakaliwa na Wakirgizi waliotoka milimani.

Tazama basi namna mambo yalivyogeuka. Wale walioitwa wahamahamaji, watu wasio na makao, ndio waliobaki. Wale walioletwa kuwa mfano wa maisha ya kutulia, wenye mashamba yaliyopimwa na nyumba za matofali, ndio waliosafiri.

Swali la pili ni jepesi zaidi, ila lina mtego. Ni kweli kwamba karibu thuluthi mbili ya watu wa Kirgizia wanaishi vijijini, na nchi zenye hali hiyo ni chache kati ya zilizokuwa za Kisovieti. Lakini "kijijini" si "kuhamahama". Mkirgizi wa kijijini leo ana nyumba ya kudumu, shule ya mtaani, umeme, na shamba dogo la viazi, majani ya mifugo au, kule Talas, maharage. Kuhama kumebaki kama kazi ya msimu ya sehemu ya familia. Mwezi wa Mei au Juni baba, au mjomba, au wanandoa vijana, hupanda jailoo na kondoo wao pamoja na wa majirani wanaolipa kwa kichwa, hukamua farasi jike na kutengeneza kymyz, maziwa yaliyochachuka, na hushuka Septemba watoto warudi shule. Babu na bibi wamebaki kijijini muda wote. Boz üy hubebwa kwa lori.

Hata kupanda huko kulipungua sana wakati fulani. Wakati wa Wasovieti mifugo ya mashamba ya pamoja ilipandishwa jailoo na wachungaji wa kuajiriwa, na jamhuri ilikuwa na kondoo karibu milioni 10. Mashamba hayo yalipovunjwa, kila familia ikapata vichwa vichache, ikaviuza au kuvila, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 kondoo walikuwa chini ya milioni 4. Mtu mwenye kondoo kumi na watano hawezi kugharamia safari ya mlimani. Matokeo yake malisho ya karibu na vijiji yalichakazwa, huku yale ya mbali yakiota magugu. Mwaka 2009 sheria mpya iliyakabidhi malisho kwa kamati za vijiji, ambazo hupanga nani apande wapi na lini. Mimi naona hiyo ni moja ya sheria za busara zilizowahi kutungwa pale, kwa sababu inaturudisha kwenye wazo la wahenga wao: malisho ni ratiba, kabla hayajawa eneo.

Uhamaji mkubwa wa Wakirgizi wa leo hauna kondoo. Vijana wa mikoa ya kusini ya Osh, Jalal-Abad na Batken wanashuka Bishkek, mji ambao sasa una zaidi ya watu milioni moja na Wakirgizi ndio walio wengi, wakajenga mitaa mipya pembezoni iitwayo novostroika, mingi ikiwa haina maji wala lami kwa miaka. Wengine wanakwenda Moscow, Yekaterinburg na Novosibirsk kuendesha teksi, kujenga, kufagia barabara na kuhudumia migahawa. Mwaka 2015 Kirgizia ilijiunga na Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia, na tangu hapo raia wake wanafanya kazi Urusi bila kibali maalumu. Fedha wanazotuma zimefikia, katika miaka kadhaa, robo hadi thuluthi ya pato la taifa. Ukienda kijiji cha Batken utakuta bibi na wajukuu, na picha za wazazi ukutani.

Nisisahau hili la uzazi, kwa kuwa linafafanua yajayo. Katika muongo wa 2010 mwanamke wa Kirgizia alikuwa na wastani wa watoto watatu, zaidi ya mama yake alivyokuwa amezaa wakati wa dhiki ya miaka ya 1990. Kufikia mwaka 2023 nchi ilikuwa imevuka watu milioni 7. Ongezeko hilo limekuwa kubwa zaidi kusini na vijijini, ambako Wakirgizi na Wauzbeki wanaishi, na dogo mno kati ya Warusi.

Wauzbeki. Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu jedwali lako linawaonyesha wakiwa wametulia tu: asilimia 10.6 mwaka 1959, karibu 13 mwaka 1989, 14 mwaka 2009, 14 tena mwaka 2022. Karibu watu milioni moja. Mtu anaweza kudhani hakuna habari pale.

Wauzbeki wa Kirgizia ni watu wa bonde la Fergana, wakulima wa umwagiliaji, mafundi na wafanyabiashara wa miji ya kale ya Osh na Uzgen. Lugha yao ni ya Kituruki kama Kikirgizi, dini ni ileile ya Kiislamu ya Kisunni, na kwa karne nyingi mfugaji aliteremsha kondoo na sufu sokoni kwa Mwuzbeki akapandisha unga na nguo. Mipaka ndiyo iliyoleta tabu. Mwaka 1924 Wasovieti waliikata Asia ya Kati katika jamhuri za mataifa. Miji ya bondeni ilikuwa na Wauzbeki, milima iliyoizunguka ilikuwa na Wakirgizi, na kila jamhuri ilihitaji miji. Osh ikapewa Kirgizia. Vipande vingine, kama Sokh na Shohimardon, vikabaki mali ya Uzbekistani vikiwa vimezungukwa kabisa na ardhi ya Kirgizia.

Juni 1990 vijana wa Kikirgizi wasio na viwanja waligawiwa ardhi ya shamba la pamoja lililokuwa la Wauzbeki karibu na Osh, na mamia ya watu wakauawa. Juni 2010, baada ya serikali kupinduliwa mwezi Aprili na dola kulegea, yakatokea tena Osh na Jalal-Abad, mabaya zaidi. Tume huru ya kimataifa ilihesabu vifo karibu 470, karibu robo tatu vikiwa vya Wauzbeki. Zaidi ya laki moja walivuka mpaka kwenda Uzbekistani ndani ya siku chache, wengi wanawake na watoto, kisha wakarudi. Mitaa mizima ilichomwa. Ukimwuliza Mwuzbeki wa Osh kuhusu shule za Kiuzbeki, redio, au nafasi za kazi serikalini, atakuambia kwamba tangu hapo zimepungua. Asilimia 14 imebaki 14. Kilichobadilika ndani yake sensa haiandiki. Tafadhali usiwaambie wanafunzi kwamba ni "chuki za kikabila za tangu zamani". Watu hawa walioana na kuuziana kwa karne nyingi. Ugomvi ulikuwa juu ya kiwanja, duka na kiti cha ofisini, katika mji ambao wote wawili wanauita wao.

Wengine nitawataja kwa haraka, isipokuwa Wadungani, ambao siwezi kuwapita. Ni Waislamu wa China waliokimbia baada ya uasi wao kushindwa, wakavuka Tian Shan katika baridi ya mwaka 1877 na 1878. Wanazungumza lugha ya Kichina lakini wanaiandika kwa herufi za Kisirili, kama za Kirusi. Ni asilimia 1 tu ya nchi, na mboga zinazouzwa Bishkek zimelimwa na wao kwa sehemu kubwa. Huko Karakol kuna msikiti wao wa mbao, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 bila msumari hata mmoja, wenye paa la mtindo wa Kichina. Karibu na mji huohuo wapo Wasart-Kalmak, wenye asili ya Kimongolia, ambao siku hizi wanaongea Kikirgizi na wengi hujiandikisha Wakirgizi. Wapo pia Wauyghur, Watajiki wa Batken, Waturuki wa Meskheti, Wakazakhi, Watatari, Wakorea.

Hao Wasart-Kalmak wananipeleka kwa mwanafunzi wako wa tatu, wa makabila arobaini.

Neno letu "kabila" linabeba mizigo miwili ambayo Kikirgizi hutenganisha. Kuna ulut, ambalo ni taifa kwa maana ya watu wa asili na lugha moja: Mkirgizi, Mwuzbeki, Mrusi. Na kuna uruu, ambalo ni ukoo mkubwa ndani ya Wakirgizi: Sarybagysh, Bugu, Solto, Sayak, Adygine, Saruu, Kushchu na wengine wengi. Sensa inauliza ulut peke yake. Uruu haimo katika takwimu yoyote rasmi, ingawa kila mtu wa kijijini anaijua ya kwake na ya jirani. Kwa hiyo jibu ni kwamba katika jedwali ni kabila moja, na nyumbani ni koo nyingi.

Ni kweli kyrk ni arobaini, na jua la kwenye bendera ya mwaka 1992 lina miale arobaini kwa ajili ya makabila ambayo simulizi linasema Manas, shujaa wa utenzi wao mkuu, aliyaunganisha. Katikati ya jua hilo ni tündük, duara la juu la boz üy ambapo moshi hutokea. Lakini usimtume mwanafunzi atafute orodha ya majina arobaini. Wazee wa Kikirgizi wenyewe hupanga koo zao kwa mabawa: la kulia, Ong, la kushoto, Sol, na Ichkilik, kundi la kusini ambalo halimo katika yote mawili. Ndani ya Ichkilik utakuta majina Kypchak na Naiman, na majina hayohayo yapo kati ya Wakazakhi na Wauzbeki. Koo za nyika zilimeguka na kuungana kabla ya mtu yeyote kuchora mpaka, na Warusi wenyewe hadi mwaka 1925 waliwaita Wakazakhi "Wakirgizi", na Wakirgizi "Wakirgizi weusi".

Mtoto wa Kikirgizi hufundishwa jeti ata, mababu saba kwa majina upande wa baba. Ni cheti chake cha kuzaliwa cha kienyeji, na hasa kaskazini ni sheria ya ndoa: mliokutana ndani ya vizazi saba hamuoani. Katika siasa uruu na ukanda vina nguvu, kaskazini dhidi ya kusini, na marais wa nchi wamepimwa hivyo tangu uhuru. Akayev alitoka kaskazini, Kurmanbek Bakiyev kusini, na wote wawili waliondolewa na maandamano, 2005 na 2010. Mtu anayesoma asilimia 78 akadhani ni watu wa sauti moja atashangaa kila uchaguzi.

Na si Wakirgizi wote walio Kirgizia. Upande wa pili wa Tian Shan, huko Xinjiang, China, hasa katika wilaya ya Kizilsu, wako karibu laki mbili, na baadhi ni wajukuu wa waliokimbia 1916. Wengine wako Murghab, Tajikistani. Kikundi kidogo kiko kwenye Pamir ya Afghanistani, juu kabisa, na hao ndio hasa waliobaki wakiishi kwa kuhama mwaka mzima. Wenzao zaidi ya elfu moja, wakiongozwa na Rahman Qul, waliondoka 1978 kwenda Pakistani, kisha mwaka 1982 wakachukuliwa na Uturuki wakapewa kijiji mkoani Van, kinachoitwa Ulupamir. Wanachunga kondoo huko mpaka leo.

Kwa somo lako la Jumatatu ningeanza hivi. Usifute takwimu zilizoko ubaoni. Juu ya 1959 andika 1926, watu milioni moja, Wakirgizi thuluthi mbili, Warusi asilimia 12 hivi, kisha waulize nini kilitokea katikati kabla hujawaambia lolote. Halafu wachore grafu mbili kwenye karatasi moja, ya asilimia na ya idadi kamili, na yule kijana aliyeuliza kuhusu kufukuzwa ndiye aje mbele aonyeshe kwa kidole ni mwaka gani hasa mstari wa Warusi, ule wa idadi kamili, unaanza kushuka.